Meza ya Ngorongoro: Miaka 65 ya Uhifadhi wa Pamoja, Ikitazamwa Kutoka Karatu

Mgeni anayekwenda Ngorongoro hupita Karatu, hunywa chai, hununua maji ya kunywa, kisha hupanda kuelekea lango la Lodoare. Historia nyingi za hifadhi hiyo zimeandikwa kwa mwendo huohuo: zinapita Karatu haraka ili zifike ukingoni mwa kreta. Simulizi hii inabaki huku chini, kwenye kata kama Endamarariek, kusini mwa mji wa Karatu, ambako watu wanalima mahindi, maharage na mbaazi, na ambako basi la watalii likionekana basi dereva amepotea njia.

Kutoka huku mambo yanaonekana kwa namna yake. Kaskazini uko Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, ulio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mashariki uko ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Magharibi ardhi inashuka hadi Mang'ola na Ziwa Eyasi. Mkulima wa Karatu yuko katikati, na kila upande una taasisi yake. Tembo akitoka msituni saa mbili usiku yuko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Akivuka bikoni na kuingia shambani, anakuwa mnyama aliye nje ya hifadhi, na hapo wanahusika ofisa wanyamapori wa halmashauri na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA. Akiteremka ukingo wa Bonde hadi Manyara kabla ya mapambazuko, amefika kwa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Mahindi aliyokula njiani ni ya mtu mmoja.

Kwa hiyo tunaposema tunaadhimisha miaka 65 tangu Julai 1959, tunaadhimisha pia jaribio refu la kuzikalisha ofisi nyingi za serikali meza moja. Jaribio hilo limepita vipindi vya mafanikio na vipindi vya aibu, na vyote vina nafasi katika kijitabu hiki.

Kabla ya 1959

Enzi za Wajerumani ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba ndani ya kreta. Msitu wa nyanda za juu ulitengwa rasmi wakati huohuo, na huo ndio ulinzi wa zamani kuliko wote katika eneo hili: ulitangulia ulinzi wa simba na faru. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walowezi, wengi wao Wajerumani waliorudi, walifungua mashamba ya kahawa Oldeani na Karatu. Uwindaji ulipigwa marufuku kwenye kreta mwaka 1928.

Wairaqw nao walikuwa wakisogea kaskazini kutoka milima ya Mbulu. Kwao kutunza udongo lilikuwa jambo la kila siku: matuta kwenye miteremko, samadi ya zizini, ng'ombe kulishwa nyumbani. Serikali ya kikoloni ilipofyeka vichaka vyenye mbung'o chini ya Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, baada ya Vita Kuu ya Pili, nyika za Karatu zilifunguka kwa kilimo na mashamba yakasogea hadi karibu na msitu.

Ng'ambo ya msitu mgogoro ulikuwa unapamba moto. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianza kazi mwaka 1951 ikiwa imeijumuisha Ngorongoro. Mwaka 1954 kilimo kikakatazwa ndani yake, na wakazi waliokuwa wameahidiwa haki zao wakaona ahadi inageuka. Mwaka 1956 Profesa W. H. Pearsall wa Uingereza alitumwa kuchunguza, na mwaka uliofuata kamati ya serikali ikasikiliza pande zote. Jibu lililopatikana halikuwa na mfano Afrika: igawanywe. Serengeti ibaki hifadhi ya taifa isiyo na makazi, na Ngorongoro iwe eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori watatumia ardhi moja. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti.

1959 hadi 1975: meza ya kwanza

Sheria ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1959. Eneo lake ni kilomita za mraba 8,292. Mwaka huohuo Gavana Richard Turnbull aliwahakikishia viongozi wa Kimaasai kwamba masilahi ya wanyama yakigongana na ya wakazi, ya wakazi yatatangulia. Ahadi hiyo imenukuliwa katika kila mgogoro uliofuata, na ni haki inukuliwe.

Kilichosahaulika ni jinsi Mamlaka ya kwanza ilivyoundwa. Haikuwa shirika lenye magari na sare zake. Ilikuwa kamati: ofisa wa serikali ya wilaya kwenye kiti, maofisa wa idara za misitu, wanyamapori, mifugo na maji, pamoja na wawakilishi wa Wamaasai. Kwa maneno mengine, ushirikiano wa taasisi tunaouhubiri leo ndio ulikuwa msingi wa mwanzo kabisa. Haukudumu. Kila ofisa alipokea amri na bajeti kutoka idara yake, na hakuna aliyeweza kumwamuru mwenzake. Ndani ya miaka michache mamlaka yakawekwa mikononi mwa Mhifadhi mmoja anayewajibika kwa waziri.

Mhifadhi wa kwanza, Henry Fosbrooke, alikuwa mtaalamu wa mambo ya jamii aliyewahi kuwa ofisa wa serikali miongoni mwa Wamaasai, na alijua kwamba hifadhi hii ingeishi au kufa kwa maji na malisho. Solomon ole Saibull, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, baadaye akawa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere.

Miaka yao ya mwanzo iliwafunza wote. Ukame wa 1960 na 1961 ulifuatwa na mvua kubwa, na mwaka 1962 nzi wanaonyonya damu walifumuka ndani ya kreta. Simba takriban 70 walibaki wapatao 10. Hakuna jangili aliyefanya hivyo, na hakuna bunduki ambayo ingezuia. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba daktari wa wanyama anahitajika kama anavyohitajika askari. Katikati ya muongo huohuo mtafiti John Goddard alitambua faru 108 kwenye kreta, mmoja mmoja, kwa makunyanzi ya pua na mikato ya masikio. Hesabu hiyo imekuwa kipimo cha kila kilichopotea baadaye.

Na Karatu? Wakati ule ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, na meza ya Ngorongoro iliishia ulipoishia msitu.

1975 hadi 1992: shirika na hazina tupu

Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi chini ndani ya kreta ziliondolewa. Mwaka 1975 Sheria Na. 14 iliifanya Mamlaka kuwa shirika la umma lenye bodi ya wakurugenzi, na ikakataza kilimo katika eneo lote. Sifa za dunia zilikuja karibu wakati huohuo: Urithi wa Dunia mwaka 1979, hifadhi hai ya kimataifa pamoja na Serengeti mwaka 1981. Nyayo za zamadamu za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, ziligunduliwa mwaka 1978, kilomita 45 hivi kutoka Oldupai ambako Mary Leakey alipata fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus mwezi Julai 1959, wiki mbili hivi baada ya Mamlaka kuzaliwa.

Sifa hazikuleta dizeli. Nchi ilikuwa katika hali ngumu ya uchumi, magari yalisimama, na faru wakachinjwa kwa ajili ya pembe. Mwaka 1984 Ngorongoro iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, ikatolewa mwaka 1989. Vijitabu vya maadhimisho hupenda kuuruka mwaka huo wa kwanza. Sisi tumeuweka kwa sababu ndio uliowafanya wahusika wakubali kwamba hawawezi kulinda kreta wakiwa peke yao, na ulinzi wa faru wa usiku na mchana unaoendelea hadi leo ni tunda la funzo hilo.

Msitu wenyewe

Kama ingebidi kuchagua sehemu moja ya hifadhi ambayo bila hiyo Karatu isingekuwa Karatu, tusingechagua kreta. Tungechagua msitu.

Una ukubwa wa karibu kilomita za mraba 900, ukizunguka miteremko ya mashariki na kusini ya kreta hadi mlima Oldeani, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Mawingu yanayopanda kutoka mashariki hugonga miteremko hiyo na kuacha maji kwenye majani, mizizi na kuvu. Maji huzama kwenye udongo wa volkano, kisha hujitokeza mbali. Baadhi yanaelekea Ziwa Manyara na kusaidia msitu wa chemchemi ambao mgeni huukuta mara tu apitapo lango la hifadhi. Baadhi hububujika upande wa Eyasi, kwenye chemchemi za Qangded, na hapo ndipo vinapolimwa vitunguu vya Mang'ola vinavyouzwa hadi nje ya nchi. Mkulima wa vitunguu huenda hajawahi kuiona kreta. Shamba lake linategemea kivuli cha miti iliyo juu yake.

Ndiyo maana msitu ulikuwa wa kwanza kuhitaji taasisi nyingi. Ulikuwa hifadhi ya misitu kabla haujawa sehemu ya Ngorongoro, na ujuzi wa Idara ya Misitu uliendelea kuhitajika hata baada ya ulinzi kuhamia kwa Mamlaka. Maji yakishatoka msituni husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, yenye makao Singida, na kugawanywa na jumuiya za watumia maji. Mti ukikatwa juu, malalamiko yanasikika kwenye ofisi tatu tofauti.

Tembo nao wanautegemea. Juu ya Tloma, mwendo mfupi kutoka maporomoko ya Endoro, kuna mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe wakitafuta madini ya chumvi. Ndio hao wanaoshuka mahindi yanapokomaa.

1992 hadi 2009: majirani wanaingia

Mwaka 1992 serikali iliruhusu kilimo kidogo cha chakula ndani ya hifadhi, ruhusa iliyofutwa tena katika muongo uliofuata. Baraza la Wafugaji liliundwa, na wakazi wakapata tena sauti rasmi ambayo wazee wao walikuwa nayo mwaka 1959.

Somo kubwa la kipindi hicho lilitoka kwa mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Watafiti walifuata chanzo hadi kwa mbwa wa vijijini pembezoni mwa hifadhi. Dawa ya tatizo la simba ikawa kuchanja mbwa wa wafugaji na wakulima, kazi ambayo haimo katika majukumu ya askari wa wanyamapori hata kidogo. Ilihitaji madaktari wa mifugo, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, halmashauri na wenye mbwa waliokubali kuwaleta.

Karatu yenyewe ikawa wilaya katika miaka ya 1990. Ulipoanzishwa Mkoa wa Manyara mwaka 2002, Mbulu ilikwenda huko na Karatu ikabaki Arusha, kwa hiyo mpaka wa mkoa ukapita katikati ya jamii moja na nyanda moja. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, iliubadilisha mji wa Karatu kwa kasi. Mwaka 2009 Msitu wa Marang, ulio juu ya ukingo wa Bonde, uliunganishwa na Hifadhi ya Ziwa Manyara, ambayo sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 648. Kwa vijiji vya kusini mwa Karatu hili lilikuwa tukio zito. Msitu waliozoea kuuona ukiwa chini ya bwana misitu ukawa hifadhi ya taifa, yenye masharti makali zaidi.

Hatua muhimu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1928 | Uwindaji wapigwa marufuku kwenye kreta |
| 1951 | Serengeti, pamoja na Ngorongoro, yaanza kama hifadhi ya taifa |
| 1959 | Sheria ya Ngorongoro yaanza, 1 Julai |
| 1960 | Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara yaanzishwa |
| 1975 | Mamlaka yawa shirika la umma. Kilimo chakatazwa |
| 1979 | Urithi wa Dunia kwa maliasili |
| 1984–1989 | Kwenye orodha ya urithi ulio hatarini |
| 1994 | Ugonjwa wa mbwa waua simba wa Serengeti |
| 2009 | Sheria mpya ya Wanyamapori. Marang yaunganishwa na Manyara |
| 2010 | Urithi wa Dunia kwa utamaduni pia |
| 2016 | TAWA yaanza kazi |
| 2018 | Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai yatambuliwa na UNESCO |
| 2020 | Jeshi la Uhifadhi laundwa kisheria |

Tangu 2010: taasisi nyingi, sare moja

Muongo uliopita ulizaa taasisi nyingi kuliko mingine yote. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ulichukua misitu ya serikali kuu. TAWA ilichukua mapori ya akiba, mapori tengefu na wanyama waliokuwa chini ya Idara ya Wanyamapori. Kisha marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yakawaweka askari wa Ngorongoro, TANAPA, TAWA na TFS katika Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu. Kiongozi wa Mamlaka, aliyeanza kama mwenyekiti wa kamati, akawa Mhifadhi, kisha Mhifadhi Mkuu, leo anaitwa Kamishna wa Uhifadhi. Faida ya mfumo wa kijeshi ni kwamba amri inaeleweka haraka na doria za pamoja zinawezekana. Hasara yake, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kwamba mwanakijiji huona vigumu zaidi kuzungumza na mtu mwenye cheo begani.

Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, yaani eneo la urithi wa kijiolojia, ilileta jambo la aina tofauti. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 11,886, yaani ni kubwa kuliko hifadhi yenyewe, na inaingia Karatu na Monduli. Ndani yake zimo nyumba za Wairaqw zilizojengwa chini ya ardhi, magofu ya Engaruka, Ziwa Eyasi na mlima Oldoinyo Lengai. Haina askari wala haikatazi mtu kulima. Lakini kwa mara ya kwanza urithi wa Karatu umewekwa kwenye ramani moja na ule wa Ngorongoro bila kuitwa eneo la pembezoni.

Suala la wakazi wa ndani haliwezi kuachwa. Mwaka 1959 walikuwa 8,000 hivi, mwaka 2017 walizidi 90,000. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia waliojiandikisha kwa hiari Msomera, wilayani Handeni. Wapo waliokwenda na kupata nyumba na mashamba. Wapo waliopinga, wakisema huduma zilipunguzwa ili waondoke, na mwezi Agosti 2024 maelfu walijitokeza barabarani ndani ya hifadhi. Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimaasai na kutangaza tume mbili, moja ya ardhi na nyingine ya uhamaji wa hiari, zilizozinduliwa Februari 2025.

Kitete, Selela na shamba la mtu

Upande wa Karatu kuna jambo ambalo kreta yote haiwezi kulifidia likiharibika. Kati ya msitu wa Ngorongoro na Ziwa Manyara, kupitia Kitete katika kata ya Mbulumbulu na kushuka Selela wilayani Monduli, kuna njia nyembamba ambayo tembo na nyati wameitumia tangu kabla ya wilaya zote hizi. Watafiti walioorodhesha shoroba 31 za wanyamapori nchini mwaka 2009 waliiweka miongoni mwa zilizo katika hali mbaya. Ikifungwa, Manyara itabaki hifadhi ndogo iliyofungiwa kati ya ziwa na mashamba, na tembo waliozoea kupita watapita mashambani.

Mwaka 2018 zilitoka kanuni za shoroba, mapito na maeneo ya kinga. Kanuni ni nzuri. Hata hivyo ardhi inayopitiwa si ya Mamlaka ya Ngorongoro, si ya TANAPA, wala si ya TAWA. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Taasisi zote tulizozitaja zinaweza kukaa Arusha wiki nzima na kukubaliana kila kitu, halafu uamuzi ukafanywa chini ya mti na watu waliopoteza mahindi yao.

Na watu hao wana hesabu yao. Kanuni za mwaka 2011 zilianzisha kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Kwa mazao zilitoa kati ya Sh 25,000 na Sh 100,000 kwa ekari, si zaidi ya ekari tano, na kiasi kiliongezeka kadiri shamba lilivyo mbali na hifadhi. Mantiki ya serikali ni kutomvutia mtu alime mpakani. Kwa familia iliyokutwa tayari inalima hapo tangu enzi za babu, mantiki hiyo haileti ugali. Ndiyo maana katika vijiji vya mpakani kazi ya pamoja inayoheshimika ni ile inayofanyika usiku: askari wa wanyamapori wa kijiji, gari la Mamlaka likifika kwa wakati, kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, moshi wa matofali ya pilipili na kinyesi cha tembo, tochi kali na vuvuzela. Kijiji kinaposaidiwa hivyo, mazungumzo ya ushoroba hupata wasikilizaji.

Kwa hiyo ombi la kijitabu hiki linakwenda kwa wajumbe wa halmashauri za vijiji vya Karatu, kuanzia Mbulumbulu na Rhotia hadi Oldeani na Endamarariek. Kijiji ambacho hakina mpango wa matumizi ya ardhi kiombe wataalamu wa ardhi wa Halmashauri ya Wilaya waje, kiainishe mashamba, malisho, vyanzo vya maji na njia ya wanyama, na kiwaalike Mamlaka, TANAPA na TAWA kama wageni kwenye mkutano huo. Mpango ukishapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kusajiliwa, kijiji kitakuwa na karatasi yake mezani, na mipaka iliyomo itakuwa ile iliyoamuliwa na wanaolima hapo.